Aliyeshika Kipaza Sauti

...na ukuta ndio huo kwenye kitambaa cha sinema, ndio wenyewe, mweupe wa chokaa, na mama wa Kishambaa mbele yake anapepeta mahindi, Zamda akamwinua Hajira mapajani, tazama mwanangu, tazama pale, lakini mtoto alikuwa mzito wa usingizi, kichwa kikamwangukia begani, na kivuli cha baba yake kikapita, kipande cha bega na mkono ulioinuliwa, basi, kivuli cha mtu yeyote, hata cha mti, na hapohapo kwenye kitambaa pakaja matuta ya Bungu na migomba inayopepea... ndicho alichokuja kumwonyesha, hicho tu, maana Mbaruku amekufa na hakuacha picha hata moja, yeye aliyewatengenezea wenzake picha miaka yote ile, alianza kwa kuchota maji ya kupozea injini ya umeme, akachimbia nguzo za kitambaa, akaendesha gari la sinema Handeni nzima, akawatafsiria watu kwa Kizigua, hadi wapigapicha wa Dar wakamchukua awabebee mashine yao na miguu yake mitatu, mwishowe wakampa fimbo ya kipaza sauti, asimame pembeni ainyooshe juu ya vichwa vya wasemaji, na siku aliyowaomba, jamani, nipigeni na mimi kidogo, mke wangu anione, walicheka, filamu inanunuliwa kwa fedha za kigeni, ndugu, kaa nyuma... “Ndugu wananchi,” Mhina anasema sasa kwenye spika, rafiki yake Mbaruku, ndiye aliyerithi gari, ndiye aliyemwambia Zamda habari za kivuli kile ukutani, “wenzetu wa milimani hawa wanalima kwa ushirika,” na kijana mmoja nyuma anapiga kelele, “Walime tu, sisi Kwamndolwa tutakula!” watu wanacheka, na Bibi Shida, jirani yake Zamda, bila kugeuka, anamtilia karanga mkononi, “Tafuna, Mama Hajira, usikae na njaa mbele za watu,” bibi huyu hakosi kitu kwenye pindo la kanga yake... ndiye peke yake aliyemwambia usiwasikilize, kipindi kile Mbaruku aliporudi kutoka Bungu kupiga picha hizihizi, mimba ya Hajira ikiwa changa, akaanza kulala garini, mlangoni pa nyumba yake mwenyewe analala garini, na sahani yake ya bati hataki mtu aiguse, akikohoa anasema ni baridi ya milimani, itaisha, na wanawake kisimani wakasema, mwanamume wa sinema huyo, ana mke kila kinapotundikwa kitambaa, sasa amekuona mshamba, na Zamda akawaamini, ndiyo, akawaamini, hata Mbaruku alipolala kitandani miezi ile ya mwisho, wakaambiwa kifua kikuu, yeye alimfulia, alimpikia uji, akampelekea nyuma ya pazia, ila neno tamu hakumpa, na Mbaruku aliposema mtoto asivuke pazia, Zamda alijisemea, hata damu yako unaikataa... Kwenye kitambaa mzee mmoja wa Bungu amesimama na jembe, amemaliza kusema, mdomo ameufunga, anatazama tu, na spika ikakohoa. Kikohozi cha chinichini, kilichobanwa, kama mtu anayefunga mlango taratibu asiwaamshe waliolala, kisha kingine. “Lo! Mzee anakoholea masikioni!” na uwanja mzima ukaangua kicheko, “Mpeni tangawizi!” na Hajira, begani, macho bado yamefumba, akasema, “Baba,” polepole tu, kama alivyozoea kukiitikia kikohozi kile kila asubuhi, yeye upande huu wa pazia... karanga zikamwanguka Zamda, ni Mbaruku, aliyekuwa karibu na kipaza sauti kuliko wote, na hawakurudia picha kwa ajili yake, kumbe kikohozi kilikuwa na sauti ileile ya miezi ya mwisho, kumbe kilikuwa kifuani tayari, Bungu, kabla Hajira hajazaliwa, na alijua, angelalaje garini kama hakujua, angeitenga sahani kwa nini, alijua akanyamaza, wasimnyang’anye kazi, au asinitishe nikiwa na mimba ile, ungesema, Mbaruku, ungesema neno moja tu, ningekuletea hata chai huko garini, ningekaa mbali kidogo nikakusemesha... Akaitafuta ile hasira, iliyomshika mkono siku ya maziko, iliyomwamsha alfajiri kwenda shamba la kijiji, iliyomwezesha kupita kisimani kichwa juu, akaitafuta ndani yake kama mtu anayepapasa ukuta gizani, haipo, “Una nini, mwanangu?” Bibi Shida anauliza, “Moshi, bibi, moshi wa injini,” na Mhina ameshafika kwenye samadi, ng’ombe mmoja anatoa faida namna hii, ndugu wananchi, watu wanacheka tena, jambo jingine kabisa, na Zamda amekaa palepale mkekani, mtoto begani, hana tena hata mtu wa kumkasirikia.