Sufuria Niliyoiunguza

Daktari alirudia swali lake, akitutazama mmoja mmoja juu ya barakoa.

"Wiki sita hizi, hakuna aliyeugua nyumbani? Hata mafua? Hata kutosikia harufu?"

"Hakuna," wifi yangu akajibu. "Tumejifungia ndani kama kuku aliyeatamia. Anayetoka ni wifi yangu huyu peke yake, naye anafanya kazi duka la dawa, anajua kujikinga kutushinda sote."

Nikaangalia viatu vyangu.

Kitandani alilala mtoto wa wifi, wa miaka sita, tuliyemwita Bosi kwa kuwa alitupangia kazi hadi baba yake. Homa ilikuwa siku ya tano. Macho mekundu, midomo imepasuka, nyaya zimebandikwa kifuani penye upele. Moyo wake ulikuwa umevimba na haukusukuma damu vizuri, lakini kipimo cha virusi vya korona hakikuonyesha kitu.

"Virusi vikishapita, baadhi ya watoto huugua hivi wiki kadhaa baadaye," daktari alisema. "Yakiwa ni maambukizi ya kwenye damu, dawa ni nyingine. Nahitaji kujua pa kuanzia."

Dukani kwetu, kila asubuhi kabla ya kuvaa makoti meupe, tulijaza fomu. Homa? Kikohozi? Unasikia harufu? Mimi ndiye niliyezikusanya, na mimi ndiye niliyewarudisha nyumbani wenzangu wenye dalili.

Wiki tano nyuma nilibandika maziwa ya Bosi jikoni, nikasimama palepale nikisoma. Yakaungua mpaka sufuria ikawa nyeusi, nami sina habari. Bosi akaja mbio, ameziba pua.

"Shangazi! Pua yako imekwenda likizo?"

Tulicheka mpaka machozi. Nikachemsha mengine, tukanywea kikombe kimoja kama kawaida yetu. Alipoondoka nikanusa sabuni. Nikanusa kitunguu. Hakuna kitu.

Kesho yake nikajaza kwamba nasikia harufu, na siku tisa zilizofuata vilevile. Niliona haya. Ningemwambiaje mkuu wangu kwamba mkaguzi ndiye mgonjwa? Sikuwa na homa. Nikajiambia ni vumbi la maboksi.

"Basi," daktari akafunga faili, "tutaanza na..."

"Ni mimi."

Wifi akageuka. "Wewe nini?"

"Wiki tano zilizopita. Siku kumi sikusikia harufu yoyote. Nilijua, nikanyamaza."

Daktari hakunikaripia, ningependa anikaripie. Aliuliza tarehe, akaiandika, akamwita muuguzi na kumtajia dawa nyingine.

"Yale maziwa," wifi akasema polepole. "Ile sufuria niliisugua mimi."

Alivuta kiti chake upande wa pili wa kitanda, kitanda kikawa katikati yetu.

Homa ilishuka siku ya tatu ya dawa hiyo. Moyo, tuliambiwa, utapimwa tena na tena kwa miezi. Asubuhi ile Bosi alifumbua macho, akanitafuta.

"Shangazi, pua imerudi?"

"Imerudi, Bosi."

"Basi ninywe maziwa na wewe."

Nilimtazama wifi. Alifungua chupa ya maziwa, akamimina kikombe kimoja, akampa mtoto. Kisha akapekua mfuko kwa muda mrefu, akatoa kikombe cha pili, akakijaza, akanisogezea bila kuniangalia.

Nikakipokea kwa mikono miwili.