Chakula cha Tarehe Ishirini na Tano

Tarehe aliichagua Ba Patson mwenyewe, nisije nikalaumiwa mimi. Mwanawe Taonga anafanya kazi mgodini Solwezi, na likizo haipati ila Krismasi. Nilipouliza kama hiyo si sikukuu, mzee akacheka. Dini yao haishiki Noeli.

"Kwetu siku ile iko ya bule tu, Ba Mama Gloire," alisema.

Siku ya bure, lakini bila Yesu kuzaliwa mwajiri asingemwachia kijana hata nusu siku! Nikaikubali tarehe. Binti yangu Gloire alimpenda Taonga, na mimi ni Mkongomani niliyeolewa hapa Nchelenge, upande wa Zambia, nikaachwa mjane. Ubavu wa kubishana na wakwe ningeutoa wapi?

Basi siku hiyo nikapika ichilanga mulilo, karamu ambayo Wabemba humpelekea mchumba ili aonyeshwe vyakula atakavyopikiwa na mkewe. Wakwe wasipokula, hakuna ndoa. Serikali ilikuwa imefunga uvuvi ziwani tangu mwanzo wa mwezi, kwa hiyo nikatoa samaki wakavu niliokuwa nimewaficha. Jogoo lazima apelekwe mzima, isikosekane hata firigisi.

Kwa ajili ya vyungu hivyo, kwa mara ya kwanza maishani sikwenda misa ya Noeli. Kengele ililia nikiwa nageuza mboga. Jirani yangu Rosaria alikwenda, akarudi amenuna. Kanisa lilikuwa nusu tupu, maana baa za ufukweni zilianza muziki kabla ya padri.

"Ata batu ya kwaya balikosa," alisema. "Noeli njo imeisha, ama?"

Nikampa chungu kimoja anisaidie kubeba.

Mchana tukaenda kwa Ba Patson, kule Kashikishi, sisi wanawake na vyungu vyetu. Tukaingia uani kwa magoti, kama desturi inavyotaka, tukiimba nyimbo za harusi. Rosaria, sijui shetani gani alimpitia, akaanzisha wimbo wa Noeli. Wengine wakaitikia kwa mazoea. Ba Patson alikuwa ananawa. Mkono wake ukasimama juu ya bakuli.

"Ba Mama Gloire," aliuliza taratibu, "munisamehe. Hii chakula iko ya Noeli?"

Nikamwona Taonga ananitazama. Nikisema ndiyo, hawali, nami nitarudi kwa mwanangu na vyungu vilivyojaa. Nikisema hapana, namkana Mtoto siku aliyozaliwa. Halafu nikachanganyikiwa kabisa: kwani kilikuwa cha Noeli? Misa sikwenda. Tangu alfajiri sikusema hata Baba Yetu. Nilikuwa nawaza chumvi tu.

"Hapana, Ba Tata," nikasema. "Iko ya batoto yetu tu. Miye leo ata ku misa sikuendaka."

Petro alipomkana Bwana, jogoo aliwika. Wangu alikuwa kwenye sahani, mzima, na firigisi yake.

Ba Patson akamaliza kunawa. Kisha akafumba macho akaomba, tena kwa kirefu, akimshukuru Mungu kwa zawadi ya mtoto na kwa furaha iliyoingia nyumbani. Nikaitikia amina huku machozi yakinitoka.

"Sasa ile haikukuwa Noeli?" Rosaria akaninong'oneza. Nikamfinya anyamaze.

Walikula mpaka wakalamba vidole. Ndoa ikakubalika.

Jioni nilikuwa uani kwetu naosha vyungu. Gloire, ambaye desturi ilimtaka abaki nyumbani, alikuwa ameshasikia kila kitu kutoka kwa wanawake. Akaja akanikumbatia kwa nyuma.

"Mama, merci," alisema. "Nilikuwa nawaza sana namna ya kukuambia. Miye na Taonga tulisha kusikilizana. Mwaka yenye inakuya, siku ya Noeli sitakuya huku. Nitafuata dini yao. Nilikuwa naogopa utalia. Kumbe weye mwenyewe umesema iko chakula tu."

Moyo ukaniuma kweli. Nilitaka kumwambia kwamba nilisema uongo kwa ajili yake, lakini sikuwa na hakika kama ulikuwa uongo. Nikamtuma maji mengine, maana chungu cha samaki kilikuwa bado kinanuka.