Sanduku la Kando ya Kijito

Maji yalifunguka bila sauti, na kichwa kidogo kikatokeza katikati ya majani yaliyokuwa yakielea. Chini ya kidevu kulikuwa na doa jeupe, kama tone la maziwa ambalo mnyama alisahau kulifuta. Nilikuwa nimechutama nyuma ya mti ulioanguka, miguu imekufa ganzi. Upande wa pili wa kijito, chini ya majani makavu na jiwe bapa, lilikuwapo sanduku, na mdomo wake ulikuwa wazi.

Sikuwa nimewahi kuona kitu kizuri vile kikielekea mahali kama pale.

Mwanzoni mwa baridi ile banda la mama lilikuwa limejaa kuku. Mama alikuwa akiwatunza wazee katika nyumba moja huko Oxon Hill, lakini akirudi, hata kabla ya kuvua viatu vya kazini, alipitia bandani. Kuku wale walikuwa wa dada yangu Audrey. Watu wa mchumba wake, Kimani, walikuwa waje kutoka Wheaton kujitambulisha, na nyumbani kwetu mkwe anayekuja mara ya kwanza hapewi kuku wa dukani. Anapewa kuku aliyelelewa na mama wa binti, aliyedonoa nafaka mkononi mwake. Mama aliacha mambo mengi alipovuka bahari. Hilo alikuja nalo.

Audrey, aliyekulia huku, alimjibu kwa Kiingereza kwamba hakuna mtu wa Wheaton atakayejua tofauti.

"Mimi nitajua," mama alisema. "Na wewe siku moja utaulizwa ulitokaje kwenu."

Kisha asubuhi moja tukakuta majike kadhaa wamelala ubavu kwa ubavu, shingo zimetobolewa, nyama haijaguswa. Mama akasema ni kicheche, kama wale wa kwetu. Mimi sikusema kitu. Nilikuwa nimefika mwaka uliotangulia tu. Shule niliiachia darasa la tano ili nimuuguze bibi, na bibi alipofariki mama akanileta kwake. Huku maneno yalikuwa mengi kuliko mdomo wangu. Wageni wakija nilikimbilia jikoni, na jikoni kukijaa, nilishuka kijitoni.

Mama akamwita Respicius, Mtanzania wa Bukoba tuliyesali naye kanisa moja. Kazi yake ilikuwa kutoa wanyama kwenye mapaa ya watu, na leseni ya kutega alikuwa nayo. Alikuja na sanduku la mbao kuukuu, refu kama mkono wa mtu. Upande mmoja ulikuwa umezibwa na ndani yake kuna msumari wa kutungikia samaki wa chambo. Upande wa pili ulikuwa na tundu la kupitisha ngumi, na nyuma ya tundu mtego wa chuma.

"Samahani, Mama Audrey," alisema. "Huyu si kicheche. Huyu ni minki, ndugu wa kicheche, na minki ni mtu wa maji. Naomba niliweke kule chini."

"Kuku wangu wanalala kule chini?"

"Hapana, mama."

"Basi weka hapa mlangoni kwao. Na mbona chafu hivi? Wakwe watapita hapa."

"Samahani, huo uchafu ndio unaoficha harufu ya..."

"Nyinyi Wabongo mnaomba samahani mpaka kwa mti. Weka, baba."

Respicius akacheka, akaenda kwenye gari kuchukua samaki. Aliporudi, mama alikuwa ameshalisugua sanduku kwa Jik, ndani na nje, mpaka mbao zikawa nyeupe.

"Linanuka hospitali," Respicius alisema taratibu.

"Linanukia usafi," mama akajibu.

Respicius alilitega palepale, kwa sababu nyumba ilikuwa ya mama. Kulipokucha, sanduku lilikuwa halijaguswa, na bandani walikuwa wamebaki jogoo na jike mmoja wa madoa. Mama alisimama mlangoni na sare yake ya kazini. Mwishowe akanigeukia.

"Wakija nitawapa nini, Akinyi?"

"Mama," nilisema, "mwache anko aweke kijitoni. Huyo mnyama mimi humwona anapopita."

Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizompa tangu nifike. Akanitazama kama mtu aliyesikia mlango ukifunguka katika chumba alichodhani ni kitupu.

Respicius alileta sanduku lingine, la kijivu, akalipaka tope la kijitoni kwa glavu zake. Nilimwonyesha mti mkubwa wenye gome jeupe, ambao mizizi yake iliingia majini. Akaingia na mabuti, akalisukuma sanduku katikati ya mizizi hiyo, tundu likiwa sawasawa na maji, akalifunika kwa majani na jiwe.

"Minki akiona tundu lazima achungulie, binti. Ndivyo alivyoumbwa," alisema. "Na akiingia hatateseka. Ni mara moja."

Ndiyo maana nilikuwa pale asubuhi ile. Nilitaka kumwona mara ya mwisho.

Alizama, na maji yakajifunga juu yake kana kwamba hakuwahi kuwapo. Akaibuka penye mizizi, akapanda, akajikung'uta mara moja, na papo hapo alikuwa mkavu. Baridi ile, maji yale yenye barafu pembeni, na yeye mkavu! Mwili wake ulimiminika juu ya mizizi kama kitu kisicho na mifupa. Kisha akasimama, akageuza kichwa, akanitazama.

Sijui alitazama kwa muda gani. Nilihisi nimeonekana, mimi niliyejificha kila mtu alipokuja. Neno moja lingetosha kumrudisha majini. Neno lolote. Juu ya ukingo, jogoo wa mama akawika.

Nilikuwa nimenyamaza maisha yangu yote kwa sababu ya haya. Asubuhi ile nilinyamaza kwa sababu niliamua.

Akachungulia tundu. Akaingia. Ukasikika mlio mfupi, kama mlango uliofungwa katika nyumba ya mbali, na kijito kikaendelea na safari yake.

Wakwe walikuja Jumamosi. Wakala wakashiba. Gichuki, baba mkubwa wa Kimani, akaifuta midomo, akauliza, "Huyu jogoo mmemtoa wapi? Huyu si wa dukani."

"Muulize Akinyi," mama alisema.

Meza nzima ikageuka. Jikoni kulikuwa hatua chache tu nyuma yangu.

"Ni wa hapa nyumbani," nilisema.

Audrey sasa ana watoto, na mama amestaafu. Ngozi ya minki ambayo Respicius aliikausha akanipa ninayo bado, kwenye droo, imefungwa kwa kanga. Siku nyingine, nikiwa peke yangu, huitoa nikaitandaza mezani, nikachovya kidole kwenye glasi na kuidondoshea tone moja la maji. Tone hukaa juu ya manyoya, la duara, likiwaka. Kisha hubiringika likaanguka, na pale lilipokuwa pamekauka kabisa.