Mashati ya Siku ya Jiwe

Mshonaji alikuwa anatia kifungo cha mwisho kwenye shati la arobaini, uzi mdomoni, damu ilipoanza kutoka kwenye mkono wa kulia wa shati. Lilitoka tone moja, taratibu kama jasho, likakoma. Akalikunja, akaliweka juu ya mengine kumi na sita yaliyofanya vivyo hivyo. Sabuni alishajaribu, ndimu alishajaribu. Kitambaa kilikuwa cheupe, cha tambiko, na siku zilikuwa zimekwisha.

Kila shati lilikuwa na kikaratasi chenye jina la mwenyewe, kwa hiyo hapakuwa na la kubahatisha. Mwaka jana mumewe, akiwa amelibeba Jiwe la mzimu na wenzake, aliteleza, bega likashuka, Jiwe likagusa ardhi. Mila haina kona: anayeliangusha Jiwe hupigwa fimbo mpaka ngoma inyamaze. Siku ile mpiga ngoma alikuwa amechangamka. Mshonaji alisimama hatua kumi, akahesabu fimbo, maana mke haruhusiwi kulia mbele ya Jiwe. Mwenyekiti wa tambiko alipiga fimbo tisa. Shati lake lilikuwa na matone tisa. Kinyozi, anayemwita dada kila akipita, saba. Moja kati ya hayo saba lilikuwa kubwa kama kifungo. Hilo ndilo la fimbo iliyompasua mumewe kichwa, ikamuua.

Shati la arobaini lilikuwa la mwanawe, mchomelea vyuma.

Alipomwuliza, hakubisha. "Mama, wote walikuwa wananiangalia. Ningesimama tu, ningekuwa wa pili." Kisha akauliza kama kuna chakula, akapakuliwa, akala.

Alasiri mwenyekiti akaja kuchukua mzigo. Mshonaji alimwomba jambo moja: mwanawe asibebe Jiwe mwaka huu, ameungua bega kazini na kidonda bado kibichi. Mwenyekiti alikuwa ameshalipeleka shati lake dirishani.

"Shemeji, umetutia nakshi?"

"Damu ya mume wangu hiyo."

"Naiona. Imekaa vizuri." Akalivaa, likamkaa. "Bega la baba hurithiwa na mwana. Tukianza kusameheana vidonda, kesho tutajijuaje sisi ni nani?"

Kulipokucha wakaja wenye mashati yaliyobaki meupe, wamenuna kama watoto walionyimwa ukoko. Nao walitaka matone. Walisema wataonekana wageni katika mji wao. Mshonaji akawaambia si yeye anayeyatia. Kinyozi, aliyekuwa amelivaa lake na mikono ameinyoosha vizuri, akawatuliza: hayo hupatikana njiani.

Ngoma ikalia. Mwanawe akaingiza bega lililoungua chini ya mti wa kubebea, akauma meno, akanyanyuka na wenzake. Wale ishirini na watatu wenye mashati meupe wakajipanga karibu naye kuliko desturi, fimbo mkononi, macho begani kwake.

Mshonaji akafunika cherehani, akatoka, akasimama pale pale pa mwaka jana.