Ukuta wa Seli ya Mnyama

Babu yangu ni mwashi, na mwashi akishashika mwiko haambiliki. Mwalimu wa biolojia alitutaka tutengeneze mfano wa seli mbili, ya mmea na ya mnyama. Nilimwomba Babu udongo tu. Yeye akaleta saruji, mchanga uliochekechwa, na pima maji ya kunyooshea ukuta, akatandika gunia sebuleni, mbele ya kiti cha Bibi.

Bibi alilifundisha somo hilohilo mpaka akastaafu. Tangu apigwe na kiharusi hajatamka neno. Daktari alituambia tumzungumzishe, huenda maneno yakarudi, basi Babu akawa redio isiyozimwa. Lakini nilimwona anavyomtazama mdomoni. Aliogopa kwamba hataisikia sauti ile tena, na mimi niliogopa naye.

"Haya, mke mdogo, soma," Babu akanitania.

Nikasoma. Seli ya mmea ina ukuta mgumu kwa nje, kisha utando. Ndani mna ute, kiini, mfuko mkubwa wa maji, na kloroplasti za kijani zinazotengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Babu akajenga. Kiini akaweka gololi, kloroplasti njegere. Ukuta ulinyooka, sikatai.

Kabla sijafungua ukurasa wa pili, alishaanza seli ya mnyama. Kwa ukuta.

"Babu, ngoja kwanza! Hii ina utando tu."

"Utando si ndiyo plasta? Plasta nitaipiga hewani? Nyumba bila ukuta umeiona wapi wewe?"

Tukabishana weee, hadi tukasikia mkwaruzo kitini. Bibi alikuwa amekunja uso, ule uso ambao wanafunzi wake wa zamani wanauogopa mpaka leo. Mkono wake mzima ulielekea kwenye ukuta.

"Hai... na," akasema. "Haina... ukuta."

Mwiko ulimdondoka Babu.

"Unasemaje, Mwalimu?"

"Vunja."

Mzee asiyekubali kubomoa tofali lake hata kwa amri ya mwenye nyumba alipiga magoti, akauvunja ukuta kwa vidole, machozi yakimchuruzika bila aibu. Mimi nilikuwa nalia kwa kwikwi.

Alipomaliza, alijifuta uso kwa mkono wenye saruji. Kisha akaokota njegere moja, kloroplasti ya mmea, akanikonyeza, akaitia katikati ya seli ya mnyama. Akamtazama Bibi mdomoni, akasubiri.