Cherehani wa Barabara ya Tano

Miaka ile ya ruksa na iliyofuatia, wakati vitu vilivyokuwa vya magendo jana viliuzwa leo barazani, nilikuwa na duka la kunakili kanda Barabara ya Tano, Dodoma mjini. Lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyotuachia marehemu baba. Mteja aliniletea kanda tupu, akachagua muziki kwenye orodha ya ukutani, akarudi saa kumi kuchukua mzigo wake. Taarabu, dansi, kwaya, na zile za Wamarekani wanaosema badala ya kuimba. Hizo za mwisho ziliniumiza kichwa, lakini biashara haichagui.

Mashine yangu ilikuwa ya matundu mawili, imetoka Dubai, na ilikuwa na haraka. Kanda ya dakika sitini ilimalizika kwa hamsini na mbili. Fundi Petro aliifungua akaniambia mota inakimbia, nimwachie siku tatu airekebishe. Nikamcheka. Matundu yote mawili yalizungushwa na mota hiyo hiyo moja. Kanda mama ilikimbia, kanda tupu ikakimbia nayo sambamba, kwa hiyo nakala ikifika nyumbani kwa mteja ilisikika sawasawa. Nilikuwa naokoa dakika nane kwa kila kanda. Nani anatibu ugonjwa unaomlisha?

Cornel alianza kuja dukani mwaka tisini na nne, alipomaliza kidato cha nne. Mrefu, mwembamba, mtoto pekee wa Mama Paskazia, mpiga chapa wa wizara moja. Kwao Makole kulikuwa na redio ya kusikilizia taarifa ya habari tu, haina pa kuweka kanda. Basi akawa anakaa kwenye benchi langu kutwa, anasikiliza Wamarekani wakikimbizwa na mota yangu, akidhani ndivyo wanavyosema. Akaamua atawafikia. Mimi nilijua, na sikumwambia, kwa sababu ilinichekesha. Baada ya miezi mitano aliwafikia, na kicheko kikaniisha.

Kwanza aliiga Kiingereza asichokielewa. Kisha akahamia Kiswahili, akagundua kwamba lugha yetu ina maneno marefu, kila moja na mkia wake. Alikuwa na daftari la shule, na humo alikata kila neno lililomchelewesha. "Kaka Munir," aliniambia, "neno likiwa refu nalitafutia mdogo wake." Akabaki na maneno mafupi mafupi, yamebanana, na akajifunza kuiba pumzi katikati ya mstari bila mtu kumwona. Kila asubuhi alitoka Makole kwa miguu akisema beti zile zile, anahesabu nguzo za umeme alizopita mpaka beti ziishe. Alianzia nguzo kumi na moja. Kufikia Krismasi alikuwa kwenye sita.

Jina alipewa na Tabu, mshonaji wa baraza la jirani. Alisimamisha cherehani yake siku moja, akasikiliza, akasema, "Huyu ananishinda mimi na mashine yangu." Tangu hapo mtaa mzima ukamwita Cherehani. Vijana walikuja kutoka Chang'ombe na Kikuyu kumsikia, na mimi, niliyekuwa nachukia muziki ule, nilizima mashine yangu ili nimsikie vizuri. Nasema kweli, nilimpenda kijana yule kama ndugu. Ndiyo maana mambo yaliyofuata bado yananichoma.

Mwaka tisini na sita serikali ilipunguza wafanyakazi. Mama Paskazia alipewa orodha ya wanaoachishwa aipige chapa, na alipofika namba thelathini akakuta jina lake. Hakusimama. Alimaliza ukurasa, akaupeleka kwa bosi kusainiwa, akachukua pochi yake akaenda nyumbani. Cornel alitunga wimbo juu ya siku hiyo, na hajawahi kutunga kitu kizuri kama kile.

*Hati ndefu, jina lako, namba yako thelathini,*
*kidole chako, wino wako, nani kasaini chini?*

Hakuthubutu kumsomea mama yake. Mama alikuwa mtu wa kwaya, na nyumbani mwake hayo mambo hayakuingia. Isitoshe, Cornel alikuwa amepata nafasi chuo cha ualimu, na kwa nyumba iliyopoteza mshahara ile nafasi ilikuwa kitu cha kushikwa kwa mikono miwili. Yeye hakuitaka. Waligombana wiki mbili. Mwishowe mama akaweka sharti. Kulikuwa na mashindano yanakuja, watu wa Dar es Salaam wanatafuta vijana wa kwenda kurekodi studio. "Nitakuja nikusikie mara moja," alimwambia. "Nikiona ni kazi ya maana, chuo nitakiacha kiende. Nikiona ni kelele, Jumatatu unapanda basi, na hatutaongea tena habari hii."

Siku hizo msanii alipanda jukwaani na kanda yake. Kanda ndiyo iliyoimba. Yeye alishika kipaza sauti kisichounganishwa popote, akachezesha midomo na mikono, na hakuna aliyeona vibaya. Kwa hiyo Cornel alihitaji kanda, na Dodoma hatukuwa na studio. Alikuwa na mimi.

Tulirekodi Ijumaa baada ya sala, barabara imetulia. Kiredio cha mke wangu Khairat kilipiga mdundo mezani, nikachomeka kipaza kwenye mashine, Cornel akafumba macho akaanza. Mara moja tu, bila kukosea. Tukarudisha, tukasikiliza kwenye mashine ile ile, na ilikuwa kamili. Tabu alilia. Miaka yote nilikuwa nanakili kanda kwa kanda, sijawahi kurekodi sauti ya mtu aliye hai, na akili yangu ya biashara haikunipeleka mbali zaidi ya hapo. Sauti iliyorekodiwa na mota inayokimbia, ukiipiga kwenye mota nzima, inakokota miguu. Jambo hilo hata mtoto angelijua akifikiri kidogo. Mimi sikufikiri.

Ukumbini Jumamosi alasiri hapakuwa na kiti. Mama Paskazia alikaa safu ya tatu na gauni lake la kanisani, mkoba magotini. Mimi nilisimama karibu na Damas, fundi mitambo aliyekuja na wale wa Dar. Cornel akaitwa. Mtaa ukapiga kelele, Cherehani! Cherehani! Damas akabonyeza.

Likatoka zee. Ndivyo ilivyokuwa, sauti nzito, ya usingizi, ya mtu aliyekunywa tangu asubuhi, inajivuta nyuma ya mdundo unaojivuta. Na midomo ya Cornel ilikuwa inakwenda kwa mwendo wake alioujua. Alimaliza mstari, akafunga mdomo, na sauti ikaendelea peke yake. Watu wakaanza kucheka. Akajaribu kupunguza, hakuweza, mwili wake haukuujua mwendo ule. Akapiga kelele kwenye kipaza kilichokufa. Ukumbi ukaanguka kwa vicheko, na neno pekee lililosikika vizuri kutoka kwenye spika lilikuwa thelathini, thee-laa-thini, watu wakawa wanalirudia kwa kuliiga.

Nilijua kabla mstari wa pili haujaisha. Damas alinigeukia akaniuliza, "Hii kanda imerekodiwa wapi? Mashine yao mbovu hiyo."

Ningesema hapo. Ningesema, simamisha, mwunganishieni kipaza, mwacheni aseme kwa mdomo wake. Ingechukua dakika moja. Lakini nusu ya ukumbi ule walikuwa wateja wangu, na Barabara ya Sita kulikuwa na duka jipya limefunguliwa mwezi ule, mashine mpya, na mimi nikaliona langu likifungwa.

"Sijui," nikasema.

Cornel alishuka kabla wimbo haujaisha. Alinifuata dukani jioni ile, macho yamekauka. "Kaka Munir, kanda ilikuwa na tatizo?"

"Kanda ni nzima, haina tatizo," nikamwambia. "Nadhani uliogopa kipaza siku ile. Mtu hajisikii mwenyewe."

Aliniamini. Hilo ndilo baya kuliko yote, kwamba aliniamini mimi, akaacha kuuamini ulimi wake. Vijana walimbembeleza aseme mbele ya mama yake, uani kwao, bila kanda. Alikataa. Alisema sasa amejisikia jinsi wengine wanavyomsikia.

Jumapili, baada ya ibada, Mama Paskazia alikuja mwenyewe. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akabaki amesimama mlangoni.

"Munir, mwanangu, wewe umekaa naye miaka miwili. Majirani wananiambia mtoto huyu ana kipaji, kwamba mimi ndiye sikuelewa. Nimekuja nikuulize wewe. Ile niliyoisikia jana, ndivyo alivyo kweli?"

Nyuma yangu mashine ilikuwa inazunguka, ina kanda ya mtu.

"Ndivyo alivyo, mama."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi," akasema. "Aende akawe mwalimu." Nilimwona akitembea mpaka mwisho wa barabara, na sikumwita.

Cornel akaenda chuo, kisha akapangiwa shule moja huko Chemba. Alipokuja mjini tulisalimiana. Alikuwa anasema polepole, anachagua maneno, na watu walimsifu kwamba ualimu umemtuliza. Mimi nilimsikiliza kwa uchungu. Kila alipokuja niliapa kumwambia, na kila alipoondoka nilijipa sababu. Mashine ilikuja kufa yenyewe, duka nikaligeuza la simu, sababu ya kunyamaza ikaisha, na bado nikanyamaza. Aibu ikishakaa miaka haihitaji tena sababu.

Mama Paskazia alifariki Machi, elfu mbili na mbili, siku ya Jumatano. Nilikwenda msibani Makole. Cornel alikuwa amekaa kwenye turubai na wanaume, na aliponiona alinipisha nafasi kwenye mkeka wake. Ule wema ulinivunja. Nilimshika mkono nikamtoa nje, nyuma ya tangi la maji, nikamwambia yote, mota, dakika hamsini na mbili, Damas, na swali alilokuja kuniuliza mama yake na jibu nililompa.

Nilitegemea anipige. Nilitaka anipige. Alisimama tu, anaangalia chini, midomo yake inachezacheza bila sauti, haraka haraka, kama enzi zile za nguzo za umeme, na nikaitambua *thelathini*. Kisha ikatulia.

"Nimekuwa naye hospitali wiki mbili," akasema. "Kaacha kuongea Jumapili. Lakini daktari aliniambia anasikia, niwe namsemesha. Nikawa sina cha kumwambia, kaka Munir. Nakaa pale, namshika mkono, nimenyamaza."

Wanawake wa kwaya walikuwa wanaingia uani, wameanza wimbo.

"Mpaka Jumanne alikuwa anasikia," akasema, na akaenda kuwapokea.