Mgongo wa Wifi

Uchaguzi wa msimamizi wa tangi la maji la jengo letu haumnyimi mtu usingizi. Watu walishuka ngazi wakipiga miayo, mmoja na taulo begani, mwingine akiuliza kama tutachelewa maana ameacha sufuria jikoni.

Wagombea walikuwa wawili: fundi cherehani wa chini na wifi yangu, dada wa mume wangu. Hatutumii karatasi. Wagombea huelekea ukutani, sisi tunajipanga nyuma ya tumtakaye, mlinzi anahesabu na kututawanya, ndipo wanageuka. Hawajui nani alisimama wapi. Wanaambiwa idadi tu.

Wifi ananilelea mwanangu nikiwa kazini duka la dawa. Nilimwahidi kura. Lakini huyu ndiye aliyewasha pampu akaenda kupiga soga mpaka ikaungua, tukabeba ndoo wiki nzima. Kazi ni kazi. Nikavua viatu asisikie hatua zangu, nikajipanga nyuma ya fundi. Wifi ana mashoga tele wanaoshinda kwake wakinywa chai, kura yangu moja ingepotea humo.

Nikageuza shingo. Mashoga wake wote walikuwa nyuma yangu. Nyuma ya wifi palikuwa na sakafu tupu.

"Wifi!" akaita, uso ukutani. "Usije ukanikanyaga visigino, nakujua!"

Mtu akacheka, akajifanya anakohoa.

"Mbona kimya? Au mmekuwa wengi mnabanana?"

Mlinzi akaanza kuhesabu upande wetu. Akili ikanijia kwa kuchelewa: akisikia sifuri, atajua. Si mashoga atakaowauliza, ni mimi. Na kesho asubuhi mtoto nimpeleke kwa nani?

Nikatoka kwenye foleni. Watu walinitazama nikikatiza ukumbi pekupeku, viatu mkononi kama mwizi. Fundi alikuwa ameshinda tayari. Kura yangu haikumsaidia yeyote isipokuwa mimi.

"Dada mgombea, moja," akasema mlinzi. "Haya, tawanyikeni."

Wifi akageuka. Hakuangalia mwingine. Alinijia moja kwa moja, akanishika mabega, machozi yamemlenga.

"Mmesikia? Moja! Hiyo moja naijua ilikotoka. Nyie mnakunywa chai yangu kila siku, na aliyenisitiri ni wifi yangu tu."

Wale waliokunywa chai wakaniangalia. Hakuna aliyetoboa siri, nami nikajikuta nawashukuru kimoyomoyo.

Tulipanda ngazi, kanishika mkono. Mimi nasifika kwa kumwambia mtu ukweli usoni. Ningemwambia mapema, "Wifi, hii kazi huiwezi," angenuna siku mbili, kisha tungecheka.

"Mwakani nagombea tena," akasema. "Na wewe ndiye utakayeninadi. Wewe watu wanakuamini, husemi usilolimaanisha."



"Sawa, wifi," nikasema.